Tashbihi au sitiari, kinaya au kejeli? Kuchagua jina sahihi katika Kiingereza ukiwa umetoka kwenye Kifaransa

"Prof, hapa nimekosa nini?"

Alikuwa amesimama mbele ya meza yangu, mwanafunzi wa mwaka wa sita, kopi mkononi, kidole kikiwa juu ya wino wangu mwekundu. Sentensi ya swali ilikuwa "Her voice is like the lake at dawn", yaani sauti yake ni kama ziwa alfajiri. Walitakiwa kutaja jina la tamathali. Yeye aliandika "comparison", nami nikampa sifuri.

Kwenye somo la Kifaransa angepata alama zote, maana huko jina ni "comparaison" basi. Kiingereza kina neno linalofanana nalo kama pacha, ila halifanyi kazi hiyo. "Comparison" ni kulinganisha kokote, hata bei ya nyanya katika masoko ya Kadutu na Nyawera. Tamathali yenyewe inaitwa "simile".

"Kumbe nilijua, prof."

"Ulijua, mwanangu. Ila ulijua kwa Kifaransa."

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mtoto anaamka kwa Kiswahili au Mashi, anasoma hesabu kwa Kifaransa, halafu akiingia darasa la Kiingereza anapewa orodha ndefu ya istilahi na kuambiwa azikariri. Nimeacha kutoa orodha hiyo. Siku hizi nayachukua maneno mawili mawili, yale yanayogombana, na kwa kila jozi natafuta swali moja la kuiuliza sentensi. Jibu la swali hilo ndilo linalochagua jina. Na mara nyingi naona aliyetupoteza ni Kifaransa, na anayetuvusha ni Kiswahili.

Kanuni moja itangulie. Majina mawili yakifaa yote, andika lile jembamba zaidi. Mtu wa Bukavu akikuuliza unakaa wapi humjibu "Bukavu". Unamjibu Panzi, Nguba au Nyamugo. Kila tashihisi (kukipa kitu tabia za mtu, kwa Kiingereza "personification") ni sitiari, lakini si kila sitiari ni tashihisi, kwa hiyo kwenye "ziwa limekasirika", maneno ambayo utayasikia bandarini upepo ukivuma, jibu ni tashihisi. Aliyeandika sitiari hajakosea, ameishia njiani tu.

Tashbihi na sitiari

Swali la kuuliza: je, kuna neno linaloutangaza mfanano? Kwa Kiswahili ni kama, mithili ya, mfano wa. Kwa Kiingereza ni "like" na "as". Likiwepo, ni tashbihi. Lisipokuwepo, kitu kimoja kikaitwa kingine moja kwa moja, ni sitiari. Aristotle alilieleza hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na mfano wake haujachakaa: ukisema Achilles aliruka kama simba, hiyo ni tashbihi, ukisema "simba aliruka" huku ukimaanisha Achilles, hiyo ni sitiari. Mwenyewe alikiri kwamba tofauti yake ni ndogo.

Ni ndogo, lakini ina mitego. Wa kwanza ni "as". Katika "My brother works as a teacher" hakuna tamathali yoyote. Kaka yangu hafanani na mwalimu, ni mwalimu. Kiswahili chetu kina mtego huohuo, maana tunasema "anafanya kazi kama mwalimu" na neno kama limekaa pale bila kulinganisha chochote. Mtego wa pili ni vitu vya jamii moja. "Embe hili ni tamu kama la jana" ni ulinganisho wa kawaida, embe kwa embe. Tashbihi inataka vitu vya jamii mbili vikutane: sauti na ziwa, mtu na simba, mji na chungu.

Anayesoma chuo, ISP (chuo cha ualimu) au kwingineko, aongeze jambo moja. Mwaka 1936 mhakiki I. A. Richards aligawa sitiari sehemu mbili na kuzipa majina "tenor" na "vehicle", ambayo mimi nayaita kibebwa na kibebeo. Katika "Nyamugo ni chungu kinachochemka", kibebwa ni Nyamugo, kibebeo ni chungu. Ukizitaja sehemu zote mbili, kisha ukasema ni sifa gani imesafirishwa kutoka ya pili kwenda ya kwanza (joto, msongamano, hatari ya kumwagika), umeshaandika nusu ya ufafanuzi wako. Neno "metaphor" lenyewe kwa Kigiriki lilikuwa na maana ya kuhamisha.

Na kwa anayeandika insha yake mwenyewe, achague ipi? Mimi namshauri aanze na tashbihi. Sitiari mbovu humwangusha mwandishi kuliko tashbihi mbovu, kwa sababu tashbihi inaomba ruhusa kwanza na sitiari inaingia bila kubisha hodi. Azikumbuke pia sitiari zilizokufa: mguu wa meza, mdomo wa chupa, na kwa Kiingereza "the mouth of a river". Zamani zilikuwa sitiari; leo ni majina tu. Usizichambue kwenye mtihani ukitarajia kusifiwa.

Ukiona mwandishi anakizungumzisha kitu kisichosikia, au mtu asiyekuwepo, "Ewe Kivu, umewaficha wapi?", hiyo ni ritifaa, ambayo Kiingereza kinaiita "apostrophe". Ndiyo, jina lilelile la alama ya mkato wa juu (') kati ya herufi. Usishangae.

Jirani au kipande?

Hapa hata walimu hubishana. Metonimia na sinekdoki zote mbili zinakiita kitu kwa jina la kingine, lakini si kwa sababu vinafanana, kama sitiari. Ni kwa sababu vinahusiana. Swali ni hili: hilo jina ni la jirani wa kitu, au la kipande chake?

Tukisema "Kinshasa imekataa", mji haujakataa. Waliokataa ni wakubwa wa serikali wanaokaa humo. Mji ni jirani wao, si kiungo chao. Metonimia. Mtu akisema amekunywa chupa mbili, hakumeza kioo. Chombo kimesimama badala ya kilichomo. Metonimia tena. Na "Kadutu imeamka mapema leo" ni hivyohivyo, mahali badala ya watu.

Sasa baba anayelalamika kwamba ana midomo minane ya kulisha. Mdomo ni kipande cha mtoto. Sinekdoki. Waingereza husema "all hands" kwa mabaharia wote, kana kwamba melini imepanda mikono peke yake. Nayo inaweza kwenda kinyume, kizima kikasimama badala ya kipande: "Kongo imefunga bao", wakati aliyefunga ni mguu mmoja wa kijana mmoja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko katika sala. Wakatoliki huomba mkate wa kila siku. Sisi tunaokula bugali asubuhi na jioni, pamoja na sombe (kisamvu) na sambaza (dagaa wa ziwani) Mungu akijalia, hatujawahi kudhani kwamba tunaomba mkate wa dukani. Mkate ni aina moja ya chakula iliyosimama badala ya chakula chote: sinekdoki. Lakini fungua Biblia ya Kiswahili ya Union Version, Mathayo sura ya 6, utakuta "utupe leo riziki yetu". Mfasiri ameondoa tamathali na kuacha maana. Nikiwaonyesha wanafunzi sentensi hizo mbili, moja kulia na nyingine kushoto, somo linaeleweka kwa dakika tano.

Onyo kuhusu majina ya Kiswahili: ukifungua vitabu vya Kenya na vya Tanzania utaona neno taashira likitumika kwa metonimia huku na kwa ishara kule, na neno majazi likibeba maana tofauti kwa kila mwandishi. Kwa jozi hii, bora ujifunze majina ya kigeni moja kwa moja. Na ukikwama kabisa kwenye mtihani, andika "metonymy", kwa sababu wataalamu wengi wanaihesabu sinekdoki kuwa tawi lake. Ni kinyume cha kanuni yangu ya jina jembamba, najua. Lakini jina jembamba lisilo sahihi ni baya kuliko jina pana lililo sahihi.

Nani anajua nini?

Kinaya, kejeli, dhihaka, tashtiti: vitabu vya Kiswahili vinayachanganya haya kama dawa za kienyeji. Kenya wanafundisha kinaya kuwa ndiyo "irony". Tanzania mara nyingi utakuta kejeli ikifanya kazi hiyo. Nitatumia kinaya kwa "irony" na kejeli kwa "sarcasm". Kama mwalimu wako ametumia vingine, mfuate yeye.

Kinaya kina aina tatu, na swali la kuzitenga ni: nani anajua?

Msemaji akijua, na akitaka wewe pia ujue, ni kinaya cha maneno. Mvua imebomoa barabara ya Bagira, gari limezama hadi milango, dereva anashuka, anaangalia, anasema: "Barabara nzuri sana." Anajua si nzuri, anajua nawe unajua. Katika tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, Antony anasimama mbele ya maiti na kurudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima. Mara ya kwanza umati unakubali. Kadiri anavyorudia, neno heshima linaoza mdomoni mwake, hadi wasikilizaji wenyewe wanawaita wale waheshimiwa wahaini. Hakuna neno hata moja lililobadilika, na maana yote imegeuka. Tamthilia hiyo Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili, tafsiri ya kwanza ikatoka mwaka 1963, kwa hiyo ukiipata unaweza kuiweka kando ya Kiingereza na kuona kama kinaya kimevuka mpaka kikiwa hai. Kwa maoni yangu kimevuka.

Watazamaji wakijua na mhusika asijue, ni kinaya cha kidrama. Fikiria mchezo katika ukumbi wa parokia: binti amejificha nyuma ya pazia, baba anaingia na kumsifu mbele ya wageni kwamba yuko kwenye sala. Ukumbi mzima unacheka. Baba peke yake hajui. Wanafunzi huchanganya aina hii na mchezo wa kuchekesha, lakini inaweza kuwa ya kutisha vilevile: muue huyo asiyejua kabla hajajua, uone ukumbi utakavyonyamaza.

Na isipojulikana na yeyote mpaka tukio lenyewe ligeuke kinyume na lilivyotarajiwa, ni kinaya cha hali. Hapa sihitaji kwenda Uingereza. Mji umekaa juu ya rasi zake ndani ya Ziwa Kivu, maji unayaona ukigeuka upande wowote, na bado saa kumi na moja alfajiri watoto wanapanda kilima na bidoni (madumu ya maji) kichwani. Aliye na kiu karibu na ziwa ndiye picha ya aina hii.

Kwa upande mwingine, si kila bahati mbaya ni kinaya. Mvua kunyesha siku ya harusi hapa Bukavu si kinaya. Ni mwezi wa Novemba. Lakini bwana harusi akiwa ndiye mtabiri wa hali ya hewa aliyechagua tarehe kwa vipimo vyake, hapo tunaweza kuzungumza.

Kejeli je? Uliza: kuna anayekatwa? Jina "sarcasm" linatoka kwenye kitenzi cha Kigiriki cha kurarua nyama. Dereva wetu aliyesema barabara nzuri hakumrarua mtu. Lakini akimgeukia abiria aliyemshauri apite pale na kusema, "Asante, wewe ndiye injinia wetu," damu imetoka. Ni kinaya bado, ila kimeshika kisu. Andika kejeli.

"Satire" ni kitu kingine tena. Hiyo si sentensi, ni mradi mzima: hadithi, mchezo au hotuba inayocheka tabia ya jamii au ya wakubwa ikitaka ibadilike. Ndani yake utakuta kinaya, kejeli, chuku na vingine vyote kama viungo ndani ya sufuria. Swali likiuliza kuhusu mstari mmoja, usijibu "satire". Likiuliza kuhusu kitabu kizima, usijibu "sarcasm".

Methali zetu zinapofundisha Kiingereza

Oksimoroni, paradoksi, na ile tunayoiita tanakuzi au "antithesis" zote zinacheza na vinyume. Niliwahi kuzifundisha wiki nzima bila mafanikio, mpaka nikaacha mifano ya kitabu na kuandika methali mbili ubaoni.

Mchuma juani hula kivulini. Jua na kivuli vimewekwa uso kwa uso, lakini hakuna kinachopingana: mtu anafanya kazi sasa, anapumzika baadaye. Ni "antithesis", vinyume vilivyopangwa kwa mizani.

Kuinamako ndiko kuinukako. Hii ukiisikia mara ya kwanza unasema haiwezekani. Kuinama ni kushuka, kutakuwaje kuinuka? Halafu unafikiri, unakubali. Hiyo ni paradoksi, kauli inayojipinga usoni na kusema kweli moyoni. Swali basi: je, sentensi inakuudhi kwanza kabla ya kukushawishi? Kama ndiyo, paradoksi. Kama vinyume vimekaa kwa amani, "antithesis".

Oksimoroni ni paradoksi iliyobanwa hadi maneno mawili yanayogusana: siri ya wazi, kimya chenye kelele, Kiingereza kina "open secret" na "deafening silence". Jina lake limeundwa kwa Kigiriki kutokana na kali na butu, kwa hiyo lenyewe ni mfano wake lenyewe. Waliounda istilahi nao walikuwa na utani.

Sikio, si jicho

Katika takriri za sauti, mwanafunzi wetu anahesabu herufi. Kiingereza hakihesabu herufi. "Phone" na "fish" zinaanza kwa sauti moja, kwa hiyo ni "alliteration". "City" na "cat" zina herufi moja, sauti mbili, si kitu. "Knife" na "night" ndiyo. "One" na "water" ndiyo, amini usiamini. Irabu zikirudiwa ndani ya maneno, "lake", "rain", "place", hiyo ni "assonance", na konsonanti zikirudiwa katikati au mwishoni, "black", "stick", ni "consonance". Soma kwa sauti kubwa. "Come" na "home" zinafanana kwa macho, lakini masikioni si kina.

Vipimo vya shairi ni shida kubwa zaidi, na hapa Kiswahili na Kifaransa vyote viwili vinatupotosha kwa pamoja. Mshairi wa tarbia anahesabu mizani, nane kila kipande, kumi na sita kwa mstari. Mshairi wa Kifaransa anahesabu silabi kumi na mbili. Mwanafunzi aliyezoea hayo akikutana na mstari wa Kiingereza wa silabi kumi anahesabu kumi, anafurahi, anafunga daftari. Lakini Kiingereza kinapima mapigo. "Iambic pentameter" ni futi tano, na kila futi ina silabi mbili, nyepesi kisha nzito: ti-TA, ti-TA, ti-TA, ti-TA, ti-TA. Kwetu mkazo unakaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo hatujazoea kuutafuta. Kwa Kiingereza ukiuhamisha umebadilisha neno: "record" ikilemewa mwanzo ni nomino, ikilemewa mwisho ni kitenzi. Namwambia mwanafunzi apige meza kwa ngumi. Wenzangu wa darasa la jirani wamelalamika mara mbili.

Soneti ni za aina mbili, ya Kiitaliano na ya Kiingereza, na zote mbili zina mistari 14, basi zitofautishe kwa mahali pa kugeukia. Ya Kiitaliano ni nane na sita, na wazo hugeuka kwa kawaida mstari wa tisa. Ya Kiingereza ni nne, nne, nne na mbili, na mara nyingi mgeuko unasubiri ile miwili ya mwisho.

Hotuba

Anafora ni kurudia mwanzoni mwa sentensi. Epifora, ambayo pia huitwa "epistrophe", ni kurudia mwishoni. Hakuna zaidi ya kuuliza hapo. Vitabu vya Kiingereza hukupa Churchill wa mwaka 1940 au Martin Luther King wa mwaka 1963, nao wanafaa sana. Mimi naanza na 30 Juni 1960, Léopoldville (Kinshasa ya leo), siku ya uhuru, mbele ya mfalme Baudouin wa Ubelgiji, Lumumba akirudia "Nous avons connu", tumeyajua haya, tumeyajua yale: kazi ya kuchosha, kejeli, matusi, vipigo. Kila "tumejua" ni nyundo mahali palepale pa msumari. Mwanafunzi akishaisikia kwa Kifaransa, ataitambua kwa Kiingereza bila kutafuta.

Zile njia tatu za kushawishi za Aristotle, "ethos", "pathos" na "logos", nenda ukazisikilize kwa mama anayeuza sambaza. "Mimi niko hapa miaka kumi na mitano, uliza yeyote": anakuonyesha yeye ni nani, ethos. "Baba, watoto wangu hawajala tangu jana": anagusa moyo wako, pathos. "Angalia bei ya kule chini, toa na pesa ya pikipiki ya kwenda na kurudi, unabaki na nini?": hesabu, logos. Kosa la kawaida ni kudhani pathos ni kulia tu. Kumtia mtu hasira, woga au fahari ni pathos vilevile.

Swali la balagha halihitaji maelezo marefu: linaulizwa bila kungoja jibu. Kama mwandishi analijibu mwenyewe hapohapo, Kiingereza kina jina jingine, "hypophora", na kutoa jina hilo humfurahisha msahihishaji.

Kuzidisha, kupunguza, kufunika

Chuku inaongeza, tafsida inafunika, litotesi inapunguza kwa kukanusha kinyume. Tafsida utaijua kwa aibu au huzuni iliyo chini yake: "ametutoka", "amejifungua". Litotesi tunaisema kila asubuhi bila kujua. "Habari?" "Si mbaya." Na kwa Kiswahili cha vitabuni kuna "si haba", maana yake ni nyingi. Kiingereza kinasema "not bad". Angalia kama kuna kikanushi. Bila kikanushi si litotesi, ni kupunguza kwa kawaida, "understatement". Mtu wa Goma anayesimulia Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji, akasema tu "siku hiyo kulikuwa na joto kidogo", amepunguza, lakini hajakanusha.

Marafiki wa uongo

Narudi kwa "comparison", maana ina ndugu wengi, na hawa ndio wanaotugharimu alama kuliko oksimoroni zote.

"Novel" si "nouvelle". Nouvelle ya Kifaransa ni hadithi fupi, kwa Kiingereza "short story". "Novel" ni riwaya, ambayo Kifaransa kinaiita "roman". Mwaka jana nilisahihisha kopi tatu zilizoita kitabu cha kurasa mia nne hadithi fupi.

"Character" ni mhusika, Kifaransa "personnage". Inaweza pia kuwa tabia, kama "caractère", kwa hiyo ukiulizwa "Describe the main character" usieleze tabia moja kuu. Mweleze mtu mzima.

"Verse" ni ushairi kwa jumla, au beti. "Vers" ya Kifaransa ni mstari mmoja, ambao Kiingereza kinauita "line". Na strophe ni "stanza".

"Mood" na "tone" zinasumbua kwa njia yao. Toni ni ya mwandishi, anasimama vipi mbele ya anachosema: kwa dharau, kwa huruma, kwa mzaha. "Mood" ni hali inayomwingia msomaji: hofu, utulivu, huzuni. Uliza hisia iko kwa nani. Zinaweza kuachana kabisa: mwandishi anasimulia mauaji kwa toni ya karani anayejaza fomu, na msomaji anatetemeka. Halafu darasani unakuta "mood" nyingine, ya sarufi, ile ambayo Kifaransa kinaiita "mode". Soma swali lote kabla ya kujibu.

"Theme" nayo. Kwa Kifaransa "thème" mara nyingi ni mada tu, na kwa mwanafunzi wa lugha ni zoezi la kutafsiri kwenda lugha ya kigeni. Kwa Kiingereza, ukiandika "The theme is war", msahihishaji mkali atakwambia vita ni "subject", mada. Dhamira ni kile ambacho kitabu kinasema kuhusu vita, na lazima kiwe sentensi nzima: vita huwatajirisha wasiopigana. Ukiweza kuiweka nyuma ya "kwamba", ni dhamira.

Na "story" na "plot". E. M. Forster alizitenga mwaka 1927 kwa mfalme na malkia. Mfalme akafa, kisha malkia akafa: hiyo ni hadithi, tunauliza "halafu?" Mfalme akafa, kisha malkia akafa kwa huzuni: huo ni msuko, tunauliza "kwa nini?" Kifaransa kinauita "intrigue", neno ambalo kwa Kiingereza ni njama za chinichini, kwa hiyo mwanafunzi wangu yuleyule wa "comparison" aliandika katika kopi yake iliyofuata kwamba "intrigue" ya malkia ilikuwa nzuri sana, na nilicheka kabla ya kukata nusu alama.